Cheo cha Mume na Mlango wa Nyumba

Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Sayyidna Anas bin Malik (r.a.) ya kwamba Qais bin Saad, mwana wa Saad bin Ubada mkuu wa Khazraj, alikuwa mbele ya Mtume wetu (s.a.w.) mfano wa mkuu wa askari mbele ya amiri. Miaka ikapita, na katika mwaka wa 36 Hijria Sayyidna Ali (k.w.) akamtuma Qais huyo huyo kuwa liwali wa Misri. Basi tangu siku za mwanzo za Uislamu limejulikana jambo hili, la mtu aliyezoea kazi ya ulinzi kutolewa pale akapewa kuendesha mambo ya watu: kodi zao, hati zao na mashitaka yao. Na tangu siku hizo imejulikana pia ya kuwa kazi hii ya pili ina mitego mingi zaidi. Adui wa askari humjia na upanga mkononi. Adui wa mwenye afisi humjia na sinia lililofunikwa kitambaa.

Mwezi huu twapenda kuwasimulia wasomaji wetu khabari za Mwislamu mmoja aliyepita njia hiyo katika karne iliyopita, naye ni Jenerali Hoegeng Iman Santoso wa Indonesia. Alikuwa afisa wa polisi, akatolewa akapewa kuongoza Idara ya Uhamiaji, akawa waziri wa mapato ya Serikali, kisha akarudishwa polisi akawa mkuu wao wote. Vyeo peke yake si ajabu. Wangapi wamevipata na majina yao yakasahauliwa kabla udongo wa kaburi haujakauka! Tumemchagua yeye kwa kuwa matendo mengi anayokumbukwa kwayo yalipita nyumbani kwake, mbele ya mke na watoto, na moja lililo kubwa katika hayo lilitendwa na mkewe.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1921 katika Pekalongan, mji ulio pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Java, mashuhuri kwa vitambaa vya batiki. Mji huo una mtaa wa Waarabu ambao asili yao ni Hadhramaut, kama walivyo jamaa wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja, na huenda baadhi ya wasomaji wetu wana ndugu huko wasiowajua. Baba yake alikuwa mwendesha mashitaka wa Serikali. Jina la Hoegeng lilitokana na jina la utani alilopewa utotoni kwa unene wake, nalo likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwembamba. Alikuwa akisoma sheria mjini Batavia, ambao leo ni Jakarta, Wajapani walipoivamia nchi mwaka wa 1942 na masomo yakakatika, akaingia polisi. Baada ya uhuru kutangazwa mwaka wa 1945 alisoma katika chuo kikuu cha polisi, akamaliza mwaka wa 1952.

Mwaka wa 1956 alipelekwa Medan, Sumatra ya Kaskazini, kuwa mkuu wa upelelezi wa makosa ya jinai. Medan ni mji wa biashara, na bandari yake ya Belawan inaelekea mlango wa bahari wa Malaka, ambao ng'ambo yake ni Malaya. Siku hizo magendo na kamari vilikuwa vimestawi humo, na maafisa waliotumwa kuvipiga vita hawakukawia kuwa walinzi wake. Desturi ya wenye kamari, kwa sura yake ya nje, ilikuwa ya kiungwana kabisa. Afisa mgeni akiwasili hupokewa kwa bashasha, akaambiwa kwamba motokaa yake iko tayari, na nyumba yake imekwisha tayarishwa. Hapana anayemwomba neno. Hapana anayetaja kamari. Ni makaribisho tu, na ni nani atakayelaumu makaribisho?

Hoegeng aliikataa motokaa, akakaa hotelini mpaka nyumba ya Serikali iwe wazi. Alipokwenda kuhamia akaikuta imejaa vyombo vya thamani: friji, piano, viti vya kifahari, hata mashine ya kunasia sauti, vitu ambavyo mwaka ule katika Indonesia vilikuwa ndoto kwa afisa wa daraja yake. Akawataka walioviweka wavichukue. Wakabembeleza, wakasema ni zawadi. Alipoona siku zinakwenda na vyombo haviondolewi, aliamrisha askari wavitoe kimoja kimoja na kuvipanga kando ya njia mbele ya nyumba, wapita njia wakiviona.

Hapa msomaji atauliza, na sisi tulijiuliza: mbona asivichukue akavigawa kwa mayatima na maskini? Piano haina haja kwa yatima, lakini friji ingeuzwa ikanunuliwa mchele. Jawabu lake ni kwamba mtu hawezi kutoa sadaka kitu ambacho hakukimiliki, na ili akimiliki ilimpasa kwanza akipokee. Wenye kamari hawakujali vyombo vinaishia wapi. Walichokitaka ni lile neno moja la shukrani, ili siku askari watakapobisha mlango wa jumba la kamari wawe na haki ya kumkumbusha wema wao. Kule kuvitoa njiani mchana, badala ya kuvirudisha kwa siri usiku, kuliondoa pia njia ya kusema kwamba alivipokea. Mji mzima ukawa shahidi.

Sasa tuje katika kazi ya uraia. Miaka ya 1960 ilipoanza, Serikali ya Rais Sukarno ilimtoa katika polisi ikampa kuwa mkuu wa Idara ya Uhamiaji. Kwa mtu asiyejua mambo ya afisi huenda kazi hii ikaonekana nyepesi kuliko kufukuzana na wezi. Lakini fikirini: hapo ndipo hutolewa pasi za safari, hapo ndipo mgeni hupewa ruhusa ya kukaa na kufanya biashara au hukatazwa. Sahihi moja ya kalamu huweza kumtajirisha mfanyabiashara au kumfungisha duka. Na atakayeitaka sahihi hiyo si lazima aje na bahasha, kwani yeye ana akili kuliko hivyo. Hutazama mwenye kalamu ana nini, mkewe afanya nini, watoto wake wapenda nini, kisha huingia kwa mlango huo.

Ikawa mke wa Hoegeng, Bibi Meriyati, alikuwa na duka la maua mjini Jakarta, katika mtaa wa Cikini. Lilikuwa duka la halali, kazi ya mikono yake, na pato lake lilisaidia nyumba ambayo mshahara wa polisi haukuitosheleza. Siku moja kabla ya mumewe kushika kazi ya Uhamiaji, alimwomba alifunge. Bibi akastaajabu, akauliza maua na Uhamiaji vina uhusiano gani. Mumewe akamweleza kwamba kuanzia siku ile kila mwenye haja katika idara yake atakwenda kununua maua katika duka lile, na jambo hilo si haki kwa wauza maua wengine. Bibi akafahamu, akalifunga.

Tazameni hoja yake vyema, kwani ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulipita. Hakusema kwamba duka ni haramu, wala hakumtuhumu mkewe. Wala hakutaja jina lake mwenyewe kwamba litachafuka, jambo ambalo ndilo wakubwa huliogopa kwanza. Alimtaja muuza maua wa pili, mtu asiyekuwapo pale, ambaye angeona wateja wake wanahama asijue kwa nini. Ule ndio uadilifu tuufahamuo katika dini yetu, wa kumwona aliyedhulumiwa kabla ya dhulma kumfikia.

Na jambo hili lina asili kongwe. Imepokewa ya kwamba Abdullah, mwana wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), alinunua ngamia akawapeleka katika malisho ya umma. Walipokwisha nona akawaleta sokoni. Sayyidna Umar akapita, akaona ngamia wamenona mno, akauliza ni wa nani. Alipojibiwa ni wa Abdullah, akamwita mwanawe akamhoji. Abdullah akaeleza kwamba amewanunua kwa mali yake na kuwalisha pale wanapolisha Waislamu wote. Neno lake lilikuwa kweli tupu. Lakini Umar alikuwa akiijua kweli nyingine: kwamba wachungaji wakisikia ni ngamia wa mwana wa Amirul Muuminina, watawatanguliza penye majani na watawanywesha kwanza. Basi akamwamuru achukue rasilmali yake, na faida yote aitie katika Baitul Mali. Hatujui kama Hoegeng alikuwa na kisa hiki moyoni siku ile ya Cikini. Twaona tu kwamba ngamia wa Abdullah na maua ya Meriyati ni shauri moja.

Lakini kuna tofauti ambayo yatupasa kuikiri. Abdullah alirudishiwa rasilmali yake. Bibi Meriyati alipoteza duka, na mumewe siku ile hakupoteza kitu; bali alipata cheo. Watu wasimuliapo khabari hii humsifu mume, na sifa ni haki yake, ila twaona yafaa mke aanze kutajwa. Mume kuwa mwaminifu na mke akampinga, nyumba huwa vita, na wenye haja hungoja nje mpaka mume achoke. Mangapi tumeyaona! Afisa akatae mlangoni, na kwa mlango wa uani kipokewe kikapu cha maembe, kesho kiroba cha mchele, Idi ikifika mbuzi. Siku hizi hata mlango hauhitajiwi, kwani fedha huingia kwa simu na anayetuma husema ni ya mtoto kununua viatu. Mke hupokea kwa heshima, kwa sababu amelelewa kutomrudisha mgeni na mkono wake, na malezi hayo ni mema. Hapo ndipo penye uzito. Mtoa hongo mwerevu hutumia tabia zetu njema kuliko azitumiavyo tabia zetu mbaya.

Mtume (s.a.w.) ametupa kipimo cha kuyapambanua. Kilipotokea kisa cha yule mtumishi aliyetumwa kukusanya zaka, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, akarudi akitenga fungu la zaka na fungu alilosema amezawadiwa yeye, Mtume alihutubu juu ya mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa zawadi. Bukhari na Muslim wameipokea hadithi hii kwa Abu Humaid as-Saidi. Kipimo hiki hakihitaji mwanachuoni. Bibi wa nyumbani aweza kukitumia akiwa jikoni: lau mume wangu asingekuwa na cheo hiki, je, mtu huyu angalikuja leo na mbuzi?

Katika kazi ile ya Uhamiaji Hoegeng aliletewa motokaa mpya ya Serikali, naye akaikataa, akasema anayo jipu ya kazi aliyotoka nayo polisi na yamtosha. Mwaka wa 1965 akafanywa waziri wa mapato ya Serikali, mwenye kusimamia kodi na ushuru wa forodha, na mwaka wa 1966 akawa waziri mwandishi wa baraza kuu la mawaziri. Hatutakaa sana hapo. Hiyo ilikuwa miaka ya msukosuko na umwagaji damu mkubwa katika Indonesia, na mawaziri walipanda na kushuka. Mwaka huo wa 1966 alirudi polisi, na Mei 1968 akawa mkuu wao.

Vijana wetu tungependa wasikie lile la mwanawe. Kijana huyo alitamani kuingia chuo cha kijeshi, na sharti moja lilikuwa barua ya idhini ya mzazi. Alimwomba baba yake atie sahihi. Baba akaiweka barua, siku zikapita, na muda wa kujiandikisha ukaisha bila sahihi. Hoegeng alichelea isemwe kwamba kijana ameingia kwa jina la baba. Sisi katika hili tunasita. Sharti lilikuwa idhini tu, kila mzazi aliitoa, na kijana huenda angefaulu kwa akili zake. Kumnyima mwana haki waliyopewa wana wa watu wote nako kwaweza kuwa namna ya kumdhulumu. Na lau baba alikwisha azimia kukataa, lilikuwa jambo bora amwambie mapema. Lakini ni wangapi kati yetu waliokosea upande huo? Kosa la kawaida ni barua iliyoandikwa haraka, na simu iliyopigwa kwa rafiki.

Akiwa mkuu wa polisi wa nchi nzima alizoea kusimama penye njia panda akielekea afisini, akaongoza magari kwa mkono wake pale alipoona msongamano na hapana askari. Mwaka wa 1971 aliwalazimisha wapanda pikipiki kuvaa kofia ngumu, akapingwa kwa makelele mengi, na leo hapana abishaye faida yake.

Mambo mawili yakamfikisha ukingoni. Mwezi wa Septemba 1970, katika mji wa Yogyakarta, msichana muuza mayai alitekwa na vijana wenye motokaa wakamvunjia heshima yake. Uvumi ukaenea kwamba walikuwa watoto wa wakubwa. Polisi wa mji ule badala ya kumsaidia walimtia ndani yeye, wakamshitaki kwa kusema uwongo, mahakama ikamwachilia. Hoegeng aliamuru uchunguzi mpya, akatangaza kwamba hataogopa mtoto wa mtu yeyote. Shauri likaondolewa mikononi mwake kwa amri ya juu, likapewa kikosi cha usalama wa dola. Jambo la pili lilikuwa magendo ya motokaa za anasa, ambayo mwenye kuyaendesha alikuwa na marafiki ikulu.

Tarehe 2 Oktoba 1971 Rais Suharto alimwondoa, kabla hajatimiza miaka 50. Sababu iliyotolewa ni kwamba uongozi wahitaji vijana. Aliyewekwa mahali pake alikuwa mkubwa wake kwa umri.

Akapewa kuwa balozi katika Ubelgiji, akakataa. Akarudi nyumbani bila motokaa ya kwake. Ndipo wakuu wa polisi wa mikoa wakachangishana, wakamnunulia motokaa aina ya Holden, naye akaipokea. Msomaji mwenye kumbukumbu atauliza: yule aliyetupa piano njiani, vipi leo apokea motokaa? Rejeeni kipimo tulichokitaja. Medan alikuwa na cheo, na waliomletea walikuwa wakimwogopa. Sasa amekaa nyumbani kwake, hana sahihi ya kumpa mtu, hana wa kumpandisha wala wa kumshusha, na zawadi imemfuata huko huko. Tena waliomletea walijihatarisha, kwani ukarimu kwa mtu aliyefukuzwa na mkubwa haumpendezi mkubwa.

Miaka ya baadaye ilikuwa migumu. Alichora picha, na alikuwa na kundi lake la muziki wa gitaa wa Kihawaii lililopigwa katika televisheni ya taifa. (Wenye kutaka kujua hukumu ya gitaa wataisoma katika vitabu vya fiqhi, sisi leo tunasimulia.) Mwezi wa Mei 1980 alitia sahihi pamoja na wenzake 49 katika waraka wa kumlaumu Rais Suharto, nao ukajulikana kwa jina la Waraka wa Hamsini. Tangu hapo kundi lake likaondolewa televisheni, naye akawa haitwi hata katika sherehe za polisi aliowaongoza. Marafiki wa siku za cheo walijifunza kupita njia nyingine. Mkewe alibaki naye, katika hali ya maisha aliyokwisha kuizoea tangu kufunga duka.

Marehemu Abdurrahman Wahid, kiongozi wa Nahdlatul Ulama aliyekuwa Rais wa Indonesia tangu 1999 hata 2001, alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake mmoja umebaki midomoni mwa watu mpaka leo. Kwa Kiindonesia tuta la barabarani la kupunguza mwendo wa magari huitwa polisi aliyelala. Basi alikuwa akisema kwamba polisi wasiohongeka katika nchi yake ni watatu: tuta la barabarani, sanamu ya polisi, na Hoegeng. Watu walicheka, na polisi nao walicheka, ingawa hatudhani wote walifurahi.

Jenerali Hoegeng alifariki Jakarta tarehe 14 Julai 2004, naye ana miaka 82. Mashujaa wa taifa na majenerali huzikwa Kalibata, penye makaburi ya heshima. Yeye alizikwa Giri Tama, upande wa Bogor. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu waliotutangulia.